Kaini na Habili Kando ya Ziwa Nakivale

Kiswahili kimeihifadhi jamaa ya kwanza ya dunia katika neno la kila siku. Tusemapo mwanadamu, tunasema mwana wa Adamu. Neno hilo husikika pia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki ya Mbarara, ambako Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda hukutana sokoni kwa lugha hii.

Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba Adamu na Hawa walifukuzwa katika bustani ya Edeni. Mwana wao Kaini alilima, mdogo wake Habili alichunga kondoo. Sadaka ya mchungaji ikakubaliwa, ya mkulima ikakataliwa, wala kitabu hakitaji sababu waziwazi. Kaini akamwua nduguye kondeni, akahukumiwa kutangatanga. Hata hivyo hukumu hiyo ilikuwa na kinga ndani yake: Mungu alimtia alama ili atakayemkuta asimwue. Waislamu nao husoma katika Kurani habari za wana wawili wa Adamu, na za kunguru aliyefukua ardhi ili muuaji ajue namna ya kumsitiri maiti.

Watu wa Ankole na Bunyoro wana jamaa yao ya kwanza. Husimuliwa kwamba wana watatu, Kairu, Kahima na Kakama, walipewa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde mpaka asubuhi. Usiku Kakama akasinzia, maziwa yakamwagika kidogo. Nduguze wakampunguzia yao, chombo kikajaa tena. Karibu na alfajiri Kairu akamwaga yote, wao wakakataa kumpa. Kakama akapewa utawala, Kahima ng'ombe, Kairu jembe. Rwanda nako Gatutsi, Gahutu na Gatwa walipimwa kwa maziwa. Jambo ambalo wengi hulipita upesi ni kwamba chombo cha mtawala kilijazwa na nduguze.

Hadithi hiyo ilitumiwa kuhalalisha vyeo vya kuzaliwa. Kisha wakaja wageni kukoleza moto. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu akidai kwamba wafugaji watawala wa nchi hizi walikuwa wa asili nyingine, kutoka Uhabeshi. Wakoloni wa Rwanda wakalishika dai hilo. Ndivyo wana wa baba mmoja walivyofanywa kuwa wageni wao kwa wao.

Matokeo yake Nakivale imeyapokea kwa zamu. Kuanzia miaka ya 1960 ilihifadhi Watutsi waliokimbia mauaji ya Rwanda. Oktoba 1982 Wanyarwanda wengi walipofukuzwa katika vijiji vya Ankole, maelfu walikimbilia makazi hayo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi wa zamani wengi walirejea kwao, na Wahutu wakaingia. Ziwa lilikuwa lile lile.

Leo makazi hayo yana watu zaidi ya laki moja, na Uganda bado humpa mkimbizi kipande cha ardhi alime. Lakini ng'ombe wa pembe ndefu wa majirani nao wanahitaji maji ya ziwa, na mahindi yamesimama njiani. Mazao yakiliwa, wenye shamba hupeleka malalamiko kwa viongozi wa wakimbizi na wa kijiji, mchungaji akaitwa, hasara ikahesabiwa mashina kwa mashina.