Kabla ya kuunga batri, pimeni plaketi

Wandugu wachimbaji, mama watwangaji, na ninyi watoto munaosomea wazazi gazeti hili jioni: leo hatuzungumze bei ya gramu, wala kadi ya mchimbaji. Tunazungumza juu ya kibao kidogo cha shaba, ukubwa wa kiganja, ambacho kilitukulia feza mara mbili kabla ya kutoa sauti.

Hapa kwetu Kamituga kila mtu anakumbuka tarehe 11 Septemba 2020. Mvua kali ilijaza maji ndani ya mashimo ya Detroit, na watu karibu 50 hawakurudi nyumbani. Tangu pale, kwenye mikutano ya sendika, swali moja linarudi: sababu gani tushuke chini vile, wakati dhahabu ingine imelala huku juu, ndani ya udongo wa zamani ulioachwa na pembeni ya mito? Sheria ya mine yenyewe inasema mchimbaji wa mikono asipite metre 30. Lakini kutafuta huku juu kunaomba jicho. Jicho hilo ni detekteri.

Tulianza na kukodi. Mwenye mashini alikuwa anachukua nusu ya kila kitu kilichotoka, na siku batri inakufa, ile siku pia inahesabiwa. Mwezi uliisha tukiwa na deni. Ndipo tukakata shauri: kila timu itoe kidogo, tutengeneze ya kwetu. Tukamwita kijana mmoja anayetengeneza redio na telefone sokoni.

Alituchagulia detekteri ya pulsi, kwa sababu udongo wetu mwekundu uko na chuma kingi na mashini za namna ingine zinapiga kelele bure. Kazi yake si uchawi. Batri ya moto, volti 12, inatuma umeme ndani ya bobini kwa nukta ndogo sana, kisha tranzista kubwa inaukata kwa ghafula. Ukikatwa vile, bobini inarusha volti mia na zaidi. Kama kuko metali chini, umeme unazunguka kidogo ndani yake na kuchelewa kuzimika. Plaketi inasikiliza ule uchelewaji, inaukuza, na kipaza sauti kinalia. Kipande kidogo cha dhahabu kinazimika haraka sana, kwa hiyo plaketi inapaswa kusikiliza mapema, karibu mikrosekunde 10 kisha umeme kukatwa. Ikichelewa, itasikia msumari lakini dhahabu itapita.

Bobini tulizungusha sisi wenyewe: waya wa shaba wenye rangi, unene milimetre 0,5, mizunguko 25 kwenye duara la sentimetre 25. Ukiipima na multimetre, inapaswa kuonyesha karibu omu 2. Ikionyesha sifuri, waya imegusana. Isipoonyesha kitu, imekatika.

Taabu ilikuwa plaketi. Kijana alichora njia za shaba kwenye ordinatere, akachapa kwenye karatasi ya kungaa, akapiga pasi juu ya kibao, kisha akaitia ndani ya dawa inayokula shaba. Kazi ilipendeza kwa macho. Tukaunga batri. Hata dakika moja haikupita, mmoja wetu akalia: «Papa, hii kitu iko inaungua!»

Kosa lilikuwa hili: mchoro ulikuwa umegeuka kama kwenye kioo. Ile pusi ya NE555 inayohesabu wakati iko na miguu nane. Mchoro ukigeuka, mguu wa 1, ambao ni wa upande wa kutoa, unapata nafasi ya mguu wa 8, ambao ni wa kujumlisha. Umeme uliingia kinyume na pusi ikafa. Tangu siku ile tunaandika neno SENDIKA ndani ya mchoro. Kwenye karatasi linapaswa kusomeka kinyume. Kwenye shaba linapaswa kusomeka sawasawa. Lisiposomeka, hatutii kibao ndani ya dawa.

Plaketi ya pili haikuungua. Lakini ililia bila kunyamaza, hata tukiinua bobini juu hewani. Mzee mmoja akasema imeona dhahabu ya mbinguni, watu wakacheka. Sisi wa komite hatukucheka, maana feza ilikuwa ya watu. Kijana alirudia mchoro siku mbili na akaona: umeme mkubwa wa bobini, ampere 2 ao 3 kwa nukta moja, ulikuwa unarudi kwenye batri kwa njia moja nyembamba pamoja na umeme mdogo wa sehemu inayosikiliza. Ni kama timu mbili kutumia ngazi moja ya shimo, mmoja anapanda na gunia wakati mwingine anashuka. Kwenye plaketi ya tatu alitenganisha njia hizo mbili. Zinakutana pahali pamoja tu, kwenye kutoa ya batri. Njia ya bobini akaipanua milimetre 4, na kondansatere ya mikrofarade 1000 akaiweka karibu kabisa na tranzista kubwa. Ile kelele ikaisha.

Kwa hiyo, wandugu wa site zingine wanaotaka kujaribu, shikeni utaratibu huu, musiruke hatua hata moja.

Kwanza, inueni kibao kwenye mwangaza wa jua. Tafuteni unywele wa shaba unaounganisha njia mbili, na ufa unaokata njia moja.

Pili, wekeni multimetre kwenye sauti. Gusa kila njia mwanzo na mwisho: ilie. Gusa njia mbili za jirani zisizopaswa kukutana: inyamaze. Kati ya kujumlisha na kutoa inaweza kulia kidogo kondansatere ikijaa, kisha ikae kimya. Ikiendelea kulia, musiunge batri.

Tatu, ungeni batri kupitia balbu ndogo ya moto, bila pusi na bila bobini. Balbu ikiwaka na kubakia inawaka, kuko njia imegusana. Balbu imewaokolea plaketi. Ikizimika, pimeni nafasi ya NE555: kati ya mguu wa 8 na wa 1 mupate volti za batri.

Nne, tieni pusi, bobini bado. Pimeni mguu wa tranzista kubwa unaopokea amri. Kwa kuwa pulsi ni fupi, multimetre itaonyesha chini ya volti 1. Ikionyesha 12 wakati wote, tranzista iko wazi bila kufungwa; bobini ikiungwa hapo, kitu kitaungua.

Tano, sasa ungeni bobini, na balbu ibaki pale mpaka mumehakikisha. Musiguse miguu ya bobini na vidole wakati mashini iko inafanya kazi.

Kisha jaribuni kwa haki. Sisi tulianza na pete ya ndoa ya mutunza feza wetu na furaha ikawa kubwa. Lakini pete ni duara, inasikika kwa urahisi. Kipande cha nusu gramu tulichoazima kilisikika kwenye vidole vinne tu, na dhahabu ya unga haisikiki kabisa. Mtu asiuze mbuzi wake akifikiri mashini hii itaona metre moja chini. Haichague metali pia: juma la kwanza ilitutolea misumari, vifuniko vya chupa, na waya.

Na hapa tunasema kwa nguvu: mukichimba na kuona kitu kinachofanana na risasi kubwa ao bombu, musikiguse. Wekeni alama, ondosheni watoto, mupashe wakubwa habari.

Juma la pili, kwenye udongo wa zamani karibu na mto, ililia kwa sauti ndogo. Mama mmoja mtwangaji akapepeta ule udongo na kuona punje moja, ndogo kuliko mbegu ya muhindi. Haikulipa hata nusu ya kazi yetu. Lakini iliandikwa kwenye kaye: tarehe, uzito, jina la waliokuwapo. Ikauzwa mbele ya wote, na mama akapata fungu sawa na mwanaume aliyeshika mashini. Hakuna mtu aliyechukua nusu, na hakuna mtu aliyeshuka metre hata mbili.

Mchoro wa plaketi ya tatu uko kwenye ofisi ya sendika. Kuuona ni bure. Mukuje na multimetre yenu.