Ramani ya Kina Juliana

Paukwa! Nasikia "pakawa" ya watu wawili tu. Wengine mmezama kwenye simu. Basi msizifiche, kisa cha leo ni cha simu hizo hizo. Sungura na fisi wapumzike kidogo.

Mwaka 2013, mjini Edinburgh kule Scotland, Mkenya aitwaye Juliana Rotich alipanda jukwaani kwenye mkutano wa TEDGlobal akawaeleza watu habari za kisanduku cheusi kiitwacho BRCK. Ukubwa wake ni wa tofali, na kazi yake ni kugawa intaneti. Kikikosa waya kinatafuta Wi-Fi, kikikosa Wi-Fi kinahamia laini ya simu, na stima zikipotea betri yake inakisukuma kwa saa 8 hivi. Ninyi mliowahi kufanya kazi ya shule kwa mwanga wa mshumaa hamhitaji kuelezwa faida yake. Watu wa Edinburgh walihitaji.

Nilichokipenda ni kwamba Juliana hakuona haya. Angeweza kusema, "Samahani, kwetu umeme hukatika." Alichowaambia, kwa ufupi, ni kwamba vifaa vingi vya intaneti vimebuniwa na watu ambao umeme wao haukatiki, na kifaa kinachoweza kuvumilia maisha ya Afrika kitafanya kazi popote duniani. Mwaka huo huo yeye na wenzake walifanya harambee ya mtandaoni kupitia Kickstarter. Waliomba dola 125,000, wakapata zaidi ya 172,000, zikiwemo za wageni walio mbali na Nairobi.

Mbona wageni walimwamini mapema hivyo? Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo, na ni lazima niwarudishe nyuma hadi wakati ambao wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa.

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, wafuasi wa Raila Odinga wakayakataa matokeo, na nchi ikawaka. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao wakilala kwenye viwanja vya maonyesho, makanisani na vituoni mwa polisi. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Kwa hiyo mtu aliyekuwa Nairobi hakujua kinachoendelea Eldoret, na wa Kisumu hakujua habari za Naivasha, isipokuwa kwa meseji za ndugu na uvumi. Na uvumi wakati wa vita huua.

Alikuwapo mwanasheria kijana, Ory Okolloh, aliyesoma Harvard. Mwaka 2006 alikuwa ameshiriki kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kuwafuatilia wabunge wa Kenya, kwa hiyo kuwakodolea macho wakubwa ilikuwa kazi yake ya kila siku. Alikuwa Kenya wakati wa uchaguzi, akiandika aliyoyaona na aliyoambiwa, mpaka akalazimika kurudi Johannesburg alikokuwa akiishi. Mapema Januari 2008 akatoa ombi kwenye blogu yake: je, kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya Kenya itakayoonyesha kila mahali palipotokea uharibifu na mauaji, ili kesho mtu asije akasema hayakutokea?

Wakajitokeza. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta akaandika programu. Erik Hersman, aliyekulia Sudan na Kenya, akaingia, na Juliana Rotich naye. Haikufika wiki mbili tangu ombi hilo, tovuti ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi. Angalieni walivyotawanyika: mmoja Johannesburg, mwingine Alabama, lakini mawazo ya wote yako Bonde la Ufa. Watu huuliza kama kitu kilichoandikwa Alabama ni cha Kenya kweli. Mimi huwajibu kwamba mwanao akipika ugali Alabama, ni ugali.

Sasa mnaniuliza, ramani hiyo ilifanyaje kazi? Mwaka 2008 nyaya kubwa za intaneti za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa. Zilikuja mwaka uliofuata. Intaneti ilitegemea setilaiti na bei yake ilikuwa ya kutisha. Ila karibu kila ukoo ulikuwa na simu, ile mulika mwizi yenye tochi kichwani, na watu walikuwa mabingwa wa kulibania salio. Walibipu ili wapigiwe. Walitumiana salio lenyewe kama pesa. Walijua kuandika meseji fupi isiyopoteza hata herufi moja. Kina Ory waliijua tabia hiyo kwa sababu ilikuwa yao. Basi wakaruhusu taarifa ziingie kwa meseji ya kawaida, au kwa tovuti, au kwa barua pepe. Mtu akiandika kwamba mahali fulani nyumba zinachomwa, watu wa Ushahidi wanaipima taarifa, wanaulizia kwa mashirika na vyombo vya habari, kisha wanaweka alama kwenye ramani. Alama moja haina maana kubwa. Zikiwa mamia, serikali haiwezi kusema ni porojo za mlevi mmoja.

Makubaliano ya amani yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Sisemi ramani ndiyo iliyoleta amani, haikuleta. Ilihifadhi kumbukumbu, na hiyo ilikuwa ndiyo kazi iliyoombwa kuifanya.

Wenye akili ndogo wangeifunga tovuti hapo na kurudi kwenye ajira zao. Hawa waliifumua programu, wakaisuka upya, wakaitoa bure. Aina hiyo huitwa programu huria: si tu kwamba hulipi, unapewa na maandishi yote ya ndani, kama jirani anayekupa pilau pamoja na siri ya viungo vyake, ukapike kwako na uongeze pilipili utakavyo.

Na pilipili ziliongezwa. Kituo kikubwa kuliko vyote ni Haiti.

Tarehe 12 Januari 2010 ardhi ilitetemeka chini ya Port-au-Prince. Serikali ya Haiti ilihesabu vifo zaidi ya 200,000. Karibu na Boston alikuwapo Patrick Meier, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akifanya kazi na Ushahidi. Usiku huo huo akampigia simu David Kobia, na baada ya saa chache ramani ya Haiti ikawa tayari. Wanafunzi wenzake wakajaa sebuleni kwake wakisoma taarifa na kuweka alama, zamu kwa zamu, kwa siku nyingi.

Hebu tuifuate meseji moja. Mtu yuko kwenye kifusi, simu yake bado ina chaji. Redioni ametangaziwa namba ya bure, 4636. Ukiwa na simu ya zamani yenye vitufe, bonyeza 4, 6, 3, 6 uone herufi zilizomo: I, N, F, O. Anaandika kwa Krioli ya Haiti kwamba wamefukiwa, anataja mtaa na duka lililo karibu. Waokoaji wageni hawajui Krioli. Meseji inaruka hadi kwa Wahaiti wanaoishi ughaibuni, Marekani, Kanada na kwingineko, waliojitolea kukaa kwenye kompyuta. Mmoja wao anaitafsiri, na kwa kuwa alikulia mtaa huo, anajua ni duka gani. Mwingine anatafuta barabara. Lakini barabara nyingi za Port-au-Prince hazikuwa kwenye ramani yoyote ya mtandaoni! Kwa hiyo watu wengine, wa mradi wa OpenStreetMap, wanazichora papo hapo wakitazama picha za setilaiti. Alama inatua. Mkuu wa idara ya maafa ya Marekani wakati huo, Craig Fugate, aliisifu hadharani ramani hiyo kuwa ndiyo kamili kuliko zote waokoaji walizokuwa nazo.

Aliyekuwa kwenye kifusi hakujua kwamba mashine iliyobeba meseji yake ilizaliwa kwenye ghasia za Kenya. Nami sioni kwa nini angepaswa kujua.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Chile, baada ya tetemeko la Februari. Mwaka 2011 Wajapani waliitumia programu hiyo hiyo baada ya tsunami ya Machi, wakaipa jina lao la Kijapani. Tanzania iliitumia kufuatilia uchaguzi wa 2010. Tuzo nazo zikafuata; mwaka 2019 Juliana alipewa Tuzo ya Ujerumani kwa Afrika.

Mtoto mmoja hapo nyuma ananong'ona: "Na M-Pesa je?" Swali zuri, ingawa jibu lake huwaudhi wazalendo wengine. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007, lakini wazo lilitoka kwa watu wa Vodafone wa Uingereza, na sehemu ya fedha za kuanzia ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Walidhani watu wataitumia kulipa mikopo midogo. Kwenye majaribio, Wakenya wakaigeuza: wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kama walivyozoea kutumiana salio. Wenye mradi wakaona, wakabadilisha mpango. Kwa hiyo chombo kilikuja na wageni, matumizi tukayabuni sisi.

Kisha wakajaribu kuipeleka kwingine. Tanzania ilishika. Afrika Kusini ilianza 2010 ikafungwa 2016. Romania, 2014 hadi 2017. India, 2013 hadi 2019. Sababu ni nyingi. Afrika Kusini, kwa mfano, watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari. Mimi nadhani tofauti na Ushahidi iko hapa: Mhaiti na Mjapani walipewa programu wakaingiza mikono yao wenyewe. M-Pesa, watu wa nchi hizo nyingine walipelekewa ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa.

Sasa nimalizie na jambo linalonikera. Mwaka 2010 kina Hersman walifungua iHub kwenye Ngong Road, Nairobi, ukumbi ambapo vijana wa programu walikutana, wakapata intaneti ya kasi na watu wa kubishana nao. Septemba 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alifika hapo, kisha akaenda kula ugali na samaki mkahawani kwa Mama Oliech. Nchi ilifurahi mno! Picha ya tajiri na samaki ikazunguka kila mahali. Samaki wa Mama Oliech ni mtamu, sina neno. Ila vijana waliokuwa wakikesha iHub tangu 2010 walikuwa wameshakula samaki huyo miaka yote, na hakuna aliyewapiga picha.

Mwaka 2019 iHub ikanunuliwa na CcHUB, kituo cha ubunifu cha Lagos, Nigeria. Wapo Wakenya walionuna, eti Wanaijeria wametunyang'anya. Mimi nilifurahi kuliko siku ya ugali wa Zuckerberg. Mwafrika alikagua kilichojengwa Nairobi, akaona kina thamani, akatoa pesa mfukoni.