Kupita mbele ya meli kubwa: jicho linadanganya, dira haidanganyi

Wasomi wenzangu, sisi wote tunajua kuvuka barabara wakati kamio inakuja. Unaangalia mara moja, unasema "iko mbali, napita". Barabarani unaweza kupona, juu kamio iko na breki. Baharini ile hesabu ya jicho inaua.

Tuchukue kisa kimoja chenye kilitokea kweli. Tarehe 6 Agosti 2011, kwenye maji ya Solent, kusini mwa Uingereza, kulikuwa mashindano ya mashua za matanga. Ilikuwa mchana, watu wengi wanaangalia. Mashua moja ya mita 10 hivi, Atalanta of Chester, ikajikuta mbele ya Hanne Knutsen, meli ya mafuta yenye urefu wa zaidi ya mita 260. Zikagongana, tanga la mashua likanaswa kwenye nanga ya meli. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Mwaka 2013 mahakama ikamhukumu yule aliyeongoza mashua.

Mtu atauliza: sheria haisemi kwamba meli ya motere inapisha mashua ya tanga? Ndiyo, kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinasema hivyo. Lakini zinasema pia kwamba kwenye njia nyembamba mashua ya tanga isizuie meli yenye haiwezi kupita pengine. Tena sehemu moja ya Solent iko na sheria yake: mbele ya meli ya zaidi ya mita 150 usiingie ndani ya mita 1,000, na kila ubavu mita 100.

Mita 1,000 inaonekana mingi? Tufanye hesabu ya bahari wazi. Meli ya kilomita 37 kwa saa inafanya karibu mita 10 kila sekunde. Ikiwa mita 1,000 toka kwenye mstari wako, uko na sekunde 100 tu. Mashua yako, kwa kilomita 9 kwa saa, itafanya mita 250. Sema meli iko na upana wa mita 50, na wewe unaanzia mita 150 kando ya mstari wake wa katikati. Utapita na kubakiza mita 75. Sasa upepo upunguke nusu: utafanya mita 125 tu, na utakuwa pale pale ubavu wa meli unapita.

Usitegemee nahodha. Kipimo cha kimataifa kinakubali meli isimame ndani ya umbali wa mara 15 ya urefu wake. Kwa meli ya mita 260, ni karibu kilomita 4. Na mbele yake kuko sehemu yenye watu wa juu hawaone maji, sheria inakubali mpaka mita 500. Ukiwa mle ndani, pengine kwao hauko.

Sasa tunapima namna gani? Chukua dira, pima meli iko upande gani, andika namba. Ngojea dakika mbili, pima tena. Namba haibadiliki na meli inazidi kukua? Munaenda kugongana. Namba inabadilika sana? Kwa kawaida mmoja atapita mbele. Lakini meli ikiwa ndefu ao ikiwa karibu, pima ncha yake ya mbele na ya nyuma pia, juu unaweza kuepa ncha moja na kugongwa na ingine.

Ukiwa na shaka, geuka mapema, geuka sana ili nahodha aone, na upite nyuma yake. Unapoteza dakika chache tu.

Kwetu pia meli za bahari zinapanda mto Kongo mpaka Boma na Matadi, na mitumbwi inavuka mbele yao. Wenye mulikulia kule, mutuambie: wavuvi wanapima namna gani?