Kovu la shingoni: usikimbilie kukatwa tena

Shati la shule lina kola, na kola inasugua palepale. Kama umewahi kupasuliwa goita, au rovu kama wengine wanavyoliita, unajua tunachosema. Uvimbe umeondoka, lakini shingoni pamebaki mstari mnene, unawasha, na darasani hakosekani mmoja wa kuuliza, "Wewe, ulichinjwa?" Basi unaanza kujifunga kitambaa hata kwenye jua la saa nane mchana.

Katika nchi tajiri wapo watu wanaopasuliwa shingo kwa ajili ya urembo tu, ngozi iliyolegea ivutwe. Huku Karagwe na Kyerwa, mtu akisema kapasuliwa shingo, mara nyingi ni goita. Lakini hata hapo urembo umo. Goita nyingi haziumi wala hazibani koo. Mtu anakwenda hospitali kwa sababu inaonekana. Ndiyo maana inauma sana akitoka na kitu kingine kinachoonekana.

Goita nyingi za milimani huletwa na upungufu wa madini joto, ambayo mvua huyaosha kutoka kwenye udongo. Kwa hiyo nunua chumvi yenye madini joto. Sasa turudi kwenye kovu.

Daktari hukata shingo kwa mlalo, akifuata mikunjo ya ngozi, chini karibu na mifupa ya mtulinga. Njia hii inahusishwa na daktari wa Uswisi, Theodor Kocher, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo. Mkato ukifuata mkunjo, kovu hujificha humo.

Lakini halijifichi siku ya kwanza. Miezi ya mwanzo kovu huwa gumu, limeinuka kidogo, na rangi yake haifanani na ngozi ya jirani. Ngozi ya juu yake inaweza kuvimba kama mto mdogo. Wengine wakimeza mate wanaona kovu linapanda na kushuka, kwa sababu ngozi imeshikana na nyama ya chini. Mengi ya haya hupungua yenyewe, ingawa kovu huchukua mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu kukomaa. Kidonda kikishafunga kabisa, mwulize daktari kama unaweza kuanza kulikanda taratibu kwa vidole na mafuta ya kawaida. Likinge na jua pia, maana jua hulifanya liwe jeusi zaidi.

Kuna kovu la aina nyingine, na hili ndilo la kuogopa kisu. Linaitwa keloidi. Kovu la kawaida lililovimba hubaki ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi huvuka mipaka, hutambaa kwenye ngozi ambayo haikuguswa, na huendelea kukua hata baada ya miezi mingi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa vijana, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Si uchafu, si kurogwa, wala haiambukizi. Sasa kosa kubwa: mtu anaiona, anaomba ikatwe. Ikikatwa tu bila tiba nyingine, kwa karibu nusu ya wagonjwa au zaidi hurudi, na ikirudi inaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Umelipa, umeumia, na umeongeza.

Tiba inayoanza nayo ni sindano za dawa aina ya steroidi, zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Zinauma, tusidanganyane. Zinaweza pia kuacha ngozi nyembamba au yenye mabaka meupe, kwa hiyo achome mtaalamu. Zipo pia karatasi laini za silikoni, zinazobandikwa saa nyingi kila siku kwa miezi kadhaa. Ikibidi kukata, basi sindano au mionzi ifuate.

Anzia kituo cha afya cha karibu, au hospitali kama Nyakahanga kwa Karagwe na Isingiro kwa Kyerwa, uombe barua ya rufaa kama inahitajika. Bugando, Mwanza, ni mojawapo ya hospitali za rufaa za kanda. Uliza gharama ya matibabu yote kabla ya mzazi kuuza kahawa, kwani sindano moja haimalizi kazi.

Wapo watakaokuambia upake krimu ya kung'arisha ili kovu lifanane na ngozi. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, nazo hazipunguzi unene wa kovu. Kuchanjwa kwa wembe juu ya keloidi ni kuifungulia mlango mpya.

Kovu likitoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali haraka. Vilevile sauti ikibaki imekauka au vidole vikifa ganzi: hilo si suala la kovu tena.

Na kama bado hujapasuliwa, mwonyeshe daktari sikio ulilotoboa au alama ya chanjo ya bega. Kama pamevimba kupita kidonda, au mama au kaka ana makovu ya namna hiyo, mwambie kabla hajashika kisu.