Unacheka Ukiwa na Nani?

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kutafuta shati la shule la mwanangu. Shati nililipata, lakini nilichelewa kurudi nyumbani, na sababu ya kuchelewa ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Pembeni mwa Mtaa wa Narung'ombe yupo kijana mwenye kibanda cha kuwajazia watu nyimbo na filamu katika flashi na simu zao. Ili kuvuta wateja, huigeuza televisheni yake ikatazama barabarani. Siku hiyo aliweka mchezo wa vichekesho wa nyumba iliyovurugika. Baba mwenye nyumba ni bahili kupindukia. Sukari anaifungia kabatini na ufunguo kauvaa shingoni. Mama mkwe alikuja kusalimia siku tatu, huu ni mwezi wa nne. Shemeji hana kazi wala hatafuti. Na usiku, watu wakishalala, mzee huyo huyo ananyata ukumbini, kandambili mkononi, kuelekea chumba cha msichana wa kazi. Mkewe anamngoja gizani na mwiko.

Tulisimama kama watu kumi na watano. Mchuuzi wa soksi alisahau soksi zake. Mama mmoja muuza vitenge alicheka hadi akashika nguzo, akasema hii ndiyo sinema, siyo zile za kulia tu. Mbeba mizigo akasema amechoka kuona nyumba yao inaigizwa bila ya kulipwa. Mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kiua akatikisa kichwa: upuuzi, haina maadili, inawavunjia wazee heshima. Nikamtazama mzee yule. Alikuwa amesimama mbele kuliko sote, na hakuondoka mpaka mwiko uliposhuka.

Basi nikajiuliza, inakuwaje mtu aseme sinema haifai na miguu yake ikatae kuondoka?

Michezo ya nyumba iliyovurugika si mgeni kwetu. Katika miaka ya 80 na 90, vikundi vya utamaduni kama Muungano, na baadaye TOT, vilizunguka katika kumbi za Dar es Salaam na onyesho lenye kila kitu ndani yake: ngoma, sarakasi, taarabu, mchezo wa kuigiza, na vichekesho. Mume na mke wagomvi walikuwa hawakosi jukwaani. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Vitimbi katika televisheni, Mzee Ojwang akitunishiana misuli na Mama Kayai mwaka hadi mwaka. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang, alifariki Julai 2015. Sisi wa Bara hatukuwa na televisheni yetu hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikwishaanza miaka ya 70. Kwa hiyo tulisikia zaidi kuliko kuona, na Redio Tanzania ilitupa Pwagu na Pwaguzi, wale matapeli wawili ambao mama zetu waliwalaani na kuwasubiri kwa saa.

Baadaye zikaja kanda za Nigeria. Aki na Ukwa, ya mwaka 2002, ilikuwa na ndugu wawili watukutu wanaowatesa wazazi wao, na walioigiza, Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, walikuwa watu wazima wenye maumbo ya watoto. Wengi wetu tuliwaona katika vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na mfasiri akieleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya sinema. Aliyekuwa mashuhuri kuliko wote kwa kazi hiyo ni Lufufu. Wafasiri hao, Mungu awape kheri, hawakuwa watumwa wa maneno ya watu. Mnigeria akisema sentensi moja, mfasiri anatoa tatu, na ya tatu inahusu Manzese.

Halafu likaja soko letu wenyewe, na wasambazaji wake wakubwa walikuwa hapa hapa Kariakoo. Kwa upande wa vichekesho, jina lililoongoza ni la King Majuto, yaani Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga mwaka 1948, aliyefariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alikuwa jukwaani tangu mtoto, miongo mingi kabla ya kanda ya video. Ustadi wake mkubwa ulikuwa kumwigiza mzee asiyestahili shikamoo anayoamkiwa: mwenye tamaa, mwoga, mjanja wa kushindwa. Hata akinyamaza, lile jicho tu lilitosha.

Sasa tukirudi kwa watazamaji. Nimekuwa nikiwasikiliza kwa miaka, na nimeona kwamba ukimwuliza mtu maoni yake juu ya sinema kama hii, hakujibu kuhusu sinema. Anakujibu kuhusu mtu aliyekuwa ameketi karibu yake alipoitazama.

Kwetu kicheko kina ngazi zake. Mjukuu na bibi ni watani; bibi humwita mjukuu "mume wangu" na hakuna anayeshtuka. Shemeji na shemeji wanataniana. Lakini baba na mtoto hawataniani, na mkwe usiseme. Kuna watu mpaka leo wakimwona mama mkwe anakuja huvuka barabara. Weka watu hao wote katika sebule moja, wape televisheni moja, halafu mlete mzee anayenyata usiku na kandambili mkononi. Kila mmoja atatazama sinema yake.

Nakumbuka Idd moja tulikuwa kwa baba yangu mkubwa, Mtaa wa Kipata. Sebule ilijaa. Ilipofika sehemu ya namna ile, baba mkubwa alikohoa. Vijana wakatazama dari. Mke wa binamu yangu, aliyeolewa mwaka ule ule, akakumbuka ghafla kuwa kuna vyombo vya kuosha. Baba mkubwa akaagiza mashine izimwe, haina maadili. Aliyekataa alikuwa bibi yetu, mama yake mzazi, aliyekuwa amejilaza mkekani akicheka hadi machozi. Akasema iacheni, namtaka huyu mzee apigwe. Nani wa kumbishia? Alikuwa mtani wa nusu ya sebule, na nusu iliyobaki aliizaa yeye. Jioni, tukiwa barazani wanaume watupu, baba mkubwa ndiye aliyetusimulia upya sehemu ile, kwa vitendo.

Ndiyo maana siwacheki wanaosema sinema haina maadili. Hawasemi uongo, ila wanaisema sebule. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976, na ipo bodi ya kukagua. Lakini bodi gani itakagua nani kaketi karibu na nani?

Na sebule zenyewe zilikuwa hazina faragha. Wanaoikumbuka Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, wanajua kwamba televisheni ya mpangaji mmoja ilikuwa ya nyumba nzima. Mwishoni mwa miaka ya 90 niliishi katika nyumba ya namna hiyo. Usiku mmoja tulitazama mchezo wa baba mnyima matumizi. Mama mmoja mpangaji, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akasema polepole: "Kumbe na kabati letu limo." Watu wakacheka kabla ya kufikiri. Mumewe alikuwa pale. Akainuka, akatoka, akarudi usiku wa manane, na tangu siku ile mkewe hakuonekana tena ukumbini saa ya mchezo.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Mama yule alikuwa na malalamiko ya miaka, na hakuwa na pa kuyasemea. Kwa wazee wa ukoo angeambiwa avumilie. Sinema ilimpa nafasi ya sekunde tatu, akaitumia, na akailipia. Kwa hiyo mtu akiniambia vichekesho ni vya kupotezea muda, huwa namwona mama yule. Na mtu akiniambia havidhuru, namwona pia.

Kuna swali jingine ambalo Mswahili haachi kuliuliza: inafundisha nini? Watengenezaji wanalijua, ndiyo maana michezo yetu mingi huishia kwa mzee kupata adabu yake. Mwiko unashuka, kikao cha familia kinaitishwa, mzee analia, anaomba radhi. Mimi binafsi sehemu hiyo hunichosha. Dakika kumi za kuomba radhi, kamera haisogei, kinanda kinalia. Utamu ulikuwa kabatini na ukumbini. Lakini nimeelewa kazi yake. Ule mwisho ni ada. Tumemcheka mzee saa nzima, jambo ambalo barabarani lisingeruhusiwa. Mwisho tunalipa kwa kumrudisha mahali pake, nyumba inasimama tena, na tunaweza kuinuka kwenye mkeka tukaangaliana usoni.

Na hapo ndipo mambo yamebadilika. Nyumba zile nyingi zimevunjwa, magorofa yamesimama, na wengi wanaofanya kazi Kariakoo wanalala Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto. Wanatazama vichekesho wakiwa ndani ya mwendokasi, simu mkononi, vidude vya kusikilizia masikioni. Wanatazama kipande cha dakika mbili tatu, na kipande kinakatwa pale pale kicheko kinapokuwa kikali. Mzee ananyata, mwiko unainuliwa, basi. Kinafuata kipande kingine cha mzee mwingine. Hapati adabu wala haombi radhi. Abiria anacheka peke yake, hakuna wa kumkoholea.

Vijana niliozungumza nao wanasema afadhali hivi, mtu anacheka kwa raha zake. Nawaelewa, ningekuwa na simu siku ile ya Idd, ningekwenda nayo uani. Ila ukiwauliza mchezo ulikuwa mzuri kwa nini, wanasema "ulinichekesha", na maongezi yanaishia hapo. Pale Narung'ombe tulibishana nusu saa: kama mke alikuwa na haki ya mwiko, kama mama mkwe ndiye aliyeharibu, kama msichana wa kazi naye ana kwao. Hilo la mwisho alilileta mbeba mizigo. Dada yake, alisema, alifanya kazi za ndani Upanga, na yeye hajawahi kuona kichekesho kinachoingia katika chumba kile na kutazama mambo kutoka kitandani mwa msichana. Tulinyamaza kidogo. Muuza vitenge akasema kweli.

Watu walipoanza kutawanyika, yule mzee wa kanzu akabaki nyuma. Akatoa flashi mfukoni, akamwuliza kijana bei ya kumwekea mchezo ule. Kisha akasogea karibu, akauliza kama pale usiku panaweza kukatwa, kwa sababu anaishi na mkwe wake. Kijana akamjibu kukata ni kazi nyingine, ina bei yake. Mzee akahesabu sarafu, akafikiri, akasema basi iache hivyo hivyo. Ataitazama mchana, mkwe akiwa kazini.