Akili mnemba na kazi za sheria: funzo la kesi ya Hounslow

Mwanafunzi wa sheria, awe London, Nairobi au Dar es Salaam, sasa anaweza kuiuliza programu ya akili mnemba swali alilopewa na mhadhiri wake na kupata jibu refu kwa sekunde chache.

Hata hivyo, jibu hilo linaweza kutaja kesi ambazo hazijawahi kusikilizwa na mahakama yoyote.

Tarehe 6 Juni 2025, Mahakama Kuu ya England ilitoa onyo kali kuhusu jambo hilo. Katika shauri mojawapo lililofikishwa mbele ya Jaji Victoria Sharp na mwenzake, kesi 45 zilikuwa zimetajwa kama ushahidi wa kisheria. Kati ya hizo, 18 hazikuwepo kabisa.

Kwa nini kesi hewa?

Programu kama ChatGPT hutunga sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa nayo.

Majina ya kesi, mwaka na ukurasa huandikwa kwa mtindo uleule siku zote. Kwa hiyo ni rahisi kwa programu kubuni kesi inayofanana kabisa na ya kweli.

Mfano wa Hounslow

Lakini hata kesi ya kweli inaweza kumpotosha mwanafunzi.

Mwaka 1970, Halmashauri ya Hounslow, magharibi mwa London, ilikuwa na mgogoro na kampuni ya ujenzi ya Twickenham Garden Developments. Halmashauri ilidai kwamba imevunja mkataba, na ikataka kampuni iondoke katika eneo la ujenzi. Kampuni ilikataa.

Jaji Robert Megarry hakukubali kutoa amri ya muda ya kuiondoa. Alisema halmashauri haikuwa imethibitisha vya kutosha kwamba ilivunja mkataba kihalali.

Hukumu hiyo bado hufundishwa vyuoni. Hata hivyo, mwaka 1973 mahakama ya New Zealand ilikataa kuifuata, na wataalamu wameikosoa. Mwanafunzi anayeitaja bila kueleza hilo ametoa nusu ya jibu.

Jambo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa sheria wa Uingereza, na hukumu za England, ingawa hazizifungi mahakama zao, bado hutajwa mbele ya majaji.

Maswali matatu

Kabla ya kutumia kesi yoyote, mwanafunzi anapaswa kujiuliza: Je, kesi ipo? Je, inasema hivyo kweli? Je, bado inafuatwa?

Hukumu nyingi husomwa bila malipo katika tovuti za BAILII, Kenya Law, TanzLII ya Tanzania na ULII ya Uganda.

Akili mnemba inaweza kufafanua istilahi ngumu, kutunga maswali ya mazoezi, au kukosoa hoja ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe, iwapo kanuni za chuo zinaruhusu.

Anayeikabidhi kazi yote hujiweka hatarini. Katika England na Wales, udanganyifu wa masomoni huzingatiwa mtu anapoomba kuwa wakili.

Na siku atakapokuwa wakili, atakayepoteza nyumba, kazi au haki ya kuishi nchini kwa sababu ya kesi hewa ni mteja wake.