Tauni na mkeka wa matanga

Tauni iliingia Lushoto, Tanzania, mwaka 1980 na haikuwa na haraka ya kuondoka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imewapata zaidi ya watu 7,000 katika vijiji vya milima ya Usambara Magharibi na kuua mamia. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake na watoto.

Mcha Mungu anapofikiwa na tauni hujiuliza: akimbie, au kukimbia ni kukosa imani? Lushoto imerithi majibu mawili ya kale. Waislamu wanayo hadithi ya Mtume: nchi yenye tauni usiiingie, na ukiwa ndani yake usitoke kuikimbia. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham aliisikia habari ya tauni, akageuza msafara kurudi Madina. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naam, akajibu, kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyohuyo. Abu Ubayda alibaki na watu wake, na tauni ikamchukua.

Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Kaskazini Mashariki ina makao Lushoto, wana Martin Luther. Tauni ilipoupiga mji wa Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamia Jena. Yeye akabaki kuuguza watu nyumbani kwake. Kisha akaandika kwamba mchungaji asiwaache wagonjwa, ila anayedharau dawa na kutojikinga anamjaribu Mungu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dini iliwaponza watu wa milimani. Kilichowaponza, naona mimi, ni wema wao. Mtu akifa, jamaa na majirani hujaa nyumbani, wakatandika mikeka na kulala chini pamoja na wafiwa. Nani amwache mjane alale peke yake? Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka vijiji 12 vya milima hiyo uligundua kuwa asilimia 72.4 ya viroboto wa majumbani walikuwa wale wanaoitwa viroboto wa binadamu, na palipokuwa na tauni mara nyingi ndipo walipojaa zaidi. Mahindi yaliyohifadhiwa ndani huvuta panya. Panya akifa kwa tauni, viroboto wake hutafuta damu nyingine. Aliyelala sakafuni yuko karibu.

Na hapo pana suala la muda. Mitoki ikishavimba, streptomycin huokoa mgonjwa aliyewahi. Wapo waliopita kwanza kwa mganga wakidhani wamerogwa, na siku mbili za tauni ni nyingi mno.

Dalili ya mwanzo haihitaji daktari: panya wanaokufa ovyo ndani ya nyumba. Habari hiyo ingefaa kutangazwa baada ya swala ya Ijumaa na katika ibada ya Jumapili, hata kabla ya matangazo ya ndoa na ya michango ya ujenzi, ambayo hayajawahi kukosa nafasi.